Kinyozi Aliyezoea Visogo

Kinyozi wa mtaa wetu tunamwita Redio, na hakuna anayemwita vinginevyo isipokuwa mkewe. Ukipita asubuhi anapofungua mlango utamkuta ameshaanza kuzungumza, na ukipita jioni anapofagia nywele bado hajamaliza. Duka langu la kunakili na kuchapa karatasi limepakana na chumba chake. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe ni nyembamba. Kwa hiyo nimemsikiliza miaka mingi, nikitaka na nisipotaka.

Ili umwelewe ni lazima uone anavyosimama akiwa kazini. Mteja anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anafungwa shuka shingoni, anatazama kioo. Redio anasimama nyuma yake. Mkono wa kushoto umeshika kichwa, wa kulia umeshika mashine, na macho yake yako kwenye kioo. Anazungumza na kioo, na mteja naye anakijibu kioo. Wanaweza kukaa hivyo wakacheka, wakabishana, hata wakapeana pole ya msiba, na hakuna aliyemtazama mwenzake uso kwa uso. Kazi ikiisha, Redio anamfuta mtu shingo kwa brashi, anakung'uta shuka, anaita, "Anayefuata!" Hadithi inaendelea pale pale ilipokatikia, ingawa kichwa ni kingine.

Hadithi zake nyingi zilikuwa za mkewe. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima tunamwita Mkunga, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Redio alikuwa akisimulia jinsi mkewe alivyomzalisha mama mmoja ndani ya lori la saruji, mvua inanyesha, tochi ameing'ata mdomoni. Alisimulia jinsi alivyomfukuza baba mmoja aliyekuja wodini kuuliza chakula chake kitapikwa na nani. Wanaume wengi wa hapa walijifunza habari za uzazi kwenye kile kiti. Fundi bomba mmoja alinyanyuka pale nywele hazijakamilika, akaenda nyumbani moja kwa moja kumchukua mkewe kumpeleka kliniki, maana alikuwa amesikia dalili ya hatari na kuitambua. Alirudi siku ya pili kumaliziwa upande uliobaki.

Mkunga mwenyewe hakuyasikia hayo. Angeyasikia wapi? Hajawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Na nyumbani Redio ni mtu mwingine kabisa. Ananawa, anakula, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Mkunga aliwahi kumwambia Mama Sindano, fundi cherehani anayeshona barazani mbele yetu, "Mwenzangu, ninyi mnaipata ikiwa inaimba. Mimi naletewa imeshazimwa."

Alisema kwa kucheka. Lakini mwaka ule zahanati ilipompa cheti cha utumishi bora, kicheko kilikuwa kigumu zaidi. Tulialikwa majirani. Mganga mfawidhi alipomaliza kusoma sifa, aliomba mume wa mshindi aje aseme neno moja. Redio alinyanyuka, akaenda mbele, akapewa kipaza sauti. Alikitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Kisha akasema, "Asanteni," na mdomo, kwa mazoea tu, ukaongeza, "Anayefuata!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka hadi wengine wakashikilia viti. Mkunga alicheka pia. Alicheka akitoka, alicheka barabarani, na walipofika nyumbani, hivi ndivyo alivyomhadithia Mama Sindano baadaye, akaona hana tena cha kuchekea.

*

Mwaka huu Mkunga alifikisha umri wa kustaafu. Mchana mmoja aliingia kwa kinyozi akiwa na sare yake ya kazi, akakaa kwenye benchi kati ya wanaume waliokuwa wakisubiri zamu. Wote walikaa sawa ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Sikuja kunyoa, msiogope." Kisha akamgeukia mumewe. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi wananiaga."

"Najua, mama watoto," Redio alimjibu kwenye kioo.

"Wameniuliza nataka zawadi gani. Walifikiria kabati la vyombo. Nimewaambia kabati ninalo. Nimewaambia nataka mume wangu aseme."

Mashine ilizimwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba chenji, nikabaki mlangoni.

"Niseme nini?"

"Ningekuwa najua, ningekuomba? Mdogo wangu ndiye atakayeongoza sherehe. Usiposema wewe, atasema yeye, na mimi nitaagwa kwa habari za safari zake." Wanaume wa benchini walicheka. Yeye hakucheka. "Sitanuna, baba watoto. Ukisimama ukasema asanteni, ukakaa, sitanuna hata kidogo. Nitajua tu kwamba hayo ndiyo yote uliyokuwa nayo."

Akanyanyuka, akawaaga, akavuka barabara kurudi kazini. Mteja aliyekuwa kitini alingoja kwa adabu, kisha akauliza taratibu, "Kaka, na upande huu je?"

*

Wa kwanza kuja na dawa alikuwa shemeji, yaani huyo mdogo wake Mkunga. Yeye ni mtu wa mikutano. Anauza bima, na anaweza kumsimamisha mtu anayekimbilia hospitali akamweleza faida za kulipa mapema. Simsemi vibaya, ni mkarimu, na alimpenda dada yake kiasi cha kutaka siku yake iende vizuri hata bila yeye kusema.

"Kioo, shemeji," alisema. "Siri iko kwenye kioo. Mimi nilianza hivyo. Unasimama mbele ya kioo, unajitazama machoni, unasema. Kila siku. Hofu inaisha yenyewe."

Redio alifurahi kama mtu aliyeambiwa dawa yake inapatikana jikoni kwake. Kioo alikuwa nacho, tena kikubwa, ukuta mzima. Jioni zote za wiki ile, wateja wakiisha, nilimsikia kupitia ukutani akijinoa. Mwisho wa wiki akatualika tuje kusikiliza: shemeji, Mama Sindano na mimi. Tukakaa kwenye benchi, yeye akasimama mbele ya kioo, mkono wa kushoto juu ya mgongo wa kiti kitupu, akaanza.

Sijawahi kusikia hotuba kama ile. Alimleta mkewe mle chumbani. Tuliona lile lori, tukasikia mvua. Alijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kutuacha tucheke, na alipofika kwa yule baba wa chakula nilitokwa na machozi ya kicheko. Alipomaliza, shemeji alisimama akapiga makofi.

"Umeiva! Mimi sina la kuongeza. Umeiva, shemeji!"

Mama Sindano alikuwa na uzi mdomoni, maana alikuja na kazi yake. Akautoa.

"Na hicho kioo mtakibeba wanaume wangapi?"

"Kioo gani?"

"Hicho anachozungumza nacho. Muda wote ametuonyesha mgongo. Kisogo chake sasa nakijua vizuri, na kwa kinyozi ni aibu, hakijanyolewa sawa. Hebu geuka, baba."

Redio akageuka.

Ilikuwa kama mtu amechomoa waya. Alitazama magoti yetu. Mikono ilipanda ikatafuta kichwa cha kushika, isikione, ikashuka, ikapanda tena. Akachukua brashi, akaanza kufuta vumbi kwenye mkono wa kiti.

"Mabibi," alisema.

"Na mabwana," shemeji akamsaidia.

"Na mabwana." Akamtazama shemeji kwa muda mrefu, na sote tukaegemea mbele. "Shemeji, nywele zako zimekuwa ndefu."

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Kumwambia mtu mwingine yeyote ajizoeze mbele ya kioo ni ushauri mzuri. Kwa kinyozi, kioo si mazoezi, ni kazini. Wiki nzima alikuwa akiimarisha kile kile alichokiweza tangu ujana, na kile asichokiweza hakuwa amekigusa.

Redio alikaa kwenye kiti chake cha wateja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kumweleza mtu kitu nikiwa namtazama."

"Sasa utaanza," Mama Sindano alisema. "Kesho geuza hicho kiti."

*

Alikigeuza. Kuanzia siku ya pili mteja alikaa mgongo kwa kioo, uso kwa kinyozi, na Redio alitakiwa asimulie habari zake hivyo hivyo, macho kwa macho. Mtaa haukupenda.

"Redio, unaninyoa au unanihoji?"

"Kaka, mbona unanitazama kama nimekuvunjia dirisha?"

Dereva mmoja wa gari la mchanga, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, alivumilia kidogo kisha akafumba macho. "Geuza kiti, bwana," aliomba. "Nasikia haya. Hata mke wangu hanitazami hivi."

Redio naye aliteseka. Siku za mwanzo alinyoa kimya, na wateja wakaanza kuulizana kama ana msiba. Kisha akaanza kusema sentensi fupi, akitazama paji la uso, halafu nyusi. Alipofika machoni kwa mara ya kwanza alikuwa akimnyoa kijana anayejiandaa kwenda kujitambulisha ukweni, na kwa furaha ya kufika machoni akasahau mkono. Mstari wa mbele ulipanda kama ngazi. Ikabidi kichwa chote kinyolewe kipara. Kijana alijishika utosi akasema, "Huko nilishatuma picha," na Redio alimwomba radhi akimtazama usoni kabisa, bila kuyumba. Mama Sindano aliliona hilo kutoka barazani kwake, akasema somo limeanza kuingia, ingawa limempitia mwenzetu kichwani.

Somo la kusimama lilikuwa la Mama Sindano mwenyewe. Alimwita barazani akampa maelezo mbele ya wapita njia.

"Nimewapima wanaume suruali maisha yangu yote," alisema. "Mtu akiingia hapa amejikunja, bega moja juu, tumbo mbele. Nikimwambia simama nikupime, anakanyaga kwa miguu yote miwili, anashusha pumzi, shingo inanyooka. Ananyamaza. Dakika hiyo anapendeza kuliko siku yake ya harusi. Nikikunja tu utepe, anarudia kujikunja. Sasa wewe siku hiyo simama kama unapimwa, usubiri kidogo kabla hujafungua mdomo. Hakuna atakayekimbia."

"Na mikono?"

"Ning'iniza."

"Niining'inize tu? Bila kushika kitu?"

"Haitaanguka, baba. Imeshonwa."

Zamu yangu ilikuwa ya sauti. Redio ana sauti ya chumbani, ile ya kumfikia mtu aliye kidevuni pako. Nilikaa dukani kwangu, nikawasha mashine ya kunakili, yeye akawa anasema akiwa kwake, uso kuelekea ukuta wetu. Nisiposikia neno nilikuwa napiga ubao kwa rula. Mwanzoni nilipiga hadi wateja wangu wakadhani narekebisha rafu. Polepole alijifunza kwamba si lazima apige kelele; inatosha asimeze mwisho wa sentensi. Alikuwa na tabia hiyo, kila sentensi ilianza vizuri na kufia njiani, kama gari lililoishiwa mafuta karibu na nyumbani.

Kilichobaki kikawa wingi wa watu. Jioni moja aliniambia hilo wazi. "Mmoja sasa namweza. Wawili nawaweza. Pale watakuwa wamejaa, jirani. Wote wananitazama kwa pamoja."

"Hata kwenye benchi lako wanajaa," nilimjibu. "Huwa unawanyoa wote kwa pamoja?"

Nilisema kama utani wa kupitisha jioni, lakini alibaki akilifikiria, shuka mkononi. Kesho yake niliona amejipangia utaratibu. Anachagua uso mmoja, anaupa sentensi nzima mpaka nukta, hauachi katikati. Akimaliza anahamia mwingine. Kati ya uso na uso midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikajua anachosema.

"Siku hiyo useme moyoni tu," Mama Sindano alimwonya. "Likikutoka tena, mimi sikushonei hata kifungo."

Shemeji naye alileta hotuba aliyoandika mwenyewe, nikaichapa kwa herufi kubwa. Ilikuwa na wageni waalikwa na waheshimiwa na itifaki yote ikizingatiwa, na ilimwita Mkunga nguzo, taa na mwamvuli kabla ya aya ya pili. Redio aliisoma mbele yetu kwa uangalifu wote. Alipofika kwenye mwamvuli alisimama.

"Hii ni koti zuri," alisema kwa upole, "lakini ni la shemeji."

"Mabega hayakai," Mama Sindano aliafiki.

Shemeji aliichukua karatasi yake akaikunja. "Basi sema yako," alisema. "Ila ukikwama nitazame. Nitakuwa pale pale na kipaza sauti cha pili. Nitakuokoa."

Alikuwa na nia njema, lakini Redio alipolisikia hilo uso ulimshuka. Alijua kuokolewa huko kungemaanisha nini kwa mtu mmoja atakayekuwa amekaa kiti cha mbele.

*

Sherehe ilifanyika alasiri, katika chumba cha kusubiria cha zahanati. Mabenchi yalipangwa yakatazama upande mmoja, mizani ya watoto ikasukumwa kona. Wauguzi walikuwa wamepuliza glavu za kazini zikawa maputo, zikaning'inia dirishani vidole vikitazama juu, kana kwamba kila moja inaomba ruhusa ya kusema. Tulijaa. Wengine walisimama mlangoni, na wanawake waliozalishwa na Mkunga walikuja na watoto wao, baadhi ya watoto wakiwa na ndevu.

Mkunga alikaa mbele, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Mganga mfawidhi alisema, mwakilishi wa wauguzi akasema, shemeji akawa anaunganisha kwa utani na kwa kweli alikuwa hodari. Kisha akasema, "Sasa namwita mtu ambaye dada yangu amemwomba mwenyewe," na sauti yake haikuwa na utani tena.

Redio alikwenda mbele. Koti lilikuwa lake, limepunguzwa kiunoni na Mama Sindano. Alichukua kipaza sauti. Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Akashusha pumzi. Akasubiri, mpaka mazungumzo ya mlangoni yakafa yenyewe, na mimi nikasikia Mama Sindano kando yangu akinong'ona, "Hivyo hivyo. Usijikunje."

Akaanza na muuguzi mdogo aliyekaa pembeni, akampa sentensi nzima. Akahamia kwa mlinzi wa getini. Akahamia kwa yule dereva wa mchanga, ambaye safari hii hakufumba macho. Lori la saruji lilipita mle ndani na mvua yake. Wauguzi walicheka kwa sababu walimjua huyo mama, na huyo mama mwenyewe akainua mkono kutoka benchi la nyuma akasema, "Ni mimi!" na watu wakapiga makofi. Redio aliwangoja wamalize. Hakumeza hata mwisho wa sentensi moja. Nilimtazama shemeji, alikuwa ameshusha kipaza sauti chake hadi gotini na anatabasamu kama mzazi.

Na kwa kuwa alikuwa anafuata nyuso kwa zamu, zamu ikafika kiti cha mbele katikati.

Alimtazama mkewe, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Tulikuwa tumemzoesha kutazama wateja, madereva, mafundi, wapita njia. Sisi watatu tulijitolea nyuso zetu mpaka zikachoka. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna uso mmoja ambao hakuwahi kuufanyia mazoezi, na ndio uliokuwa umeomba.

Mkono usio na kipaza sauti ulibaki umening'inia, hilo nakiri. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama baba yule amemaliza. Mama Sindano aliinua viganja ili aanzishe makofi ya kumsitiri, nami nikamshika mkono, sijui kwa nini. Shemeji alishaanza kupiga hatua kwenda mbele.

Mkunga alinyoosha kiganja kumwelekea mdogo wake, bila kumtazama. Shemeji akasimama pale pale.

Kisha Mkunga akamwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pumua. Usisukume bado. Tuko hapa, hatuendi popote."

Wauguzi wote walishika midomo. Maneno hayo waliyasikia kila siku ya kazi kupitia mlango wa chumba cha kujifungulia, kwa sauti ile ile, na nusu ya wanawake waliokuwa kwenye mabenchi waliwahi kuambiwa wao wenyewe. Kicheko kilipita chumbani, chepesi, cha upendo, kikaisha. Redio alipumua. Alipumua tena. Akashusha kipaza sauti chini, na sisi tuliokuwa nyuma tukasogea ili tusikie.

"Mama watoto," alisema. "Hayo niliyosema hapa wanaume wa mtaa huu wanayajua. Nimewasimulia miaka yote. Hili sijamsimulia mtu."

Akakanyaga tena kwa miguu yote miwili.

"Ukirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, huingii. Unasimama nje ya mlango. Mimi nakuwa nimeamka, niko ndani, naona kivuli cha miguu yako chini ya mlango. Mara nyingi ni kidogo tu, unaingia. Lakini kuna asubuhi kivuli kinakaa. Kinakaa mpaka chai inapoa. Asubuhi hizo najua kuna mtoto hakulia. Ukiingia naichemsha chai upya, nakupa, nakaa kimya. Ulikuwa unafikiri sina la kusema." Akasogea hatua moja mbele. "Nilikuwa natafuta neno la kukutosha. Sikulipata. Hata leo sijalipata. Nilitaka tu ujue kwamba kila asubuhi ile nilikuwa upande wa pili wa mlango, nimesimama pia."

Hakusema asanteni. Alibaki amesimama, anamtazama.

Mganga mfawidhi alivua miwani. Shemeji, mtu wa maneno, aligeukia dirisha akawa anazipanga zile glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mama Sindano alinibana mkono mpaka ukaniuma, na nilipomtazama akasema kwa ukali, "Ni vumbi."

Kwa mujibu wa ratiba ilikuwa zamu ya Mkunga kutoa shukrani zake. Alikuwa amejiandaa, nilimchapia mwenyewe, karatasi mbili, na zilikuwa nzuri. Alinyanyuka, karatasi ziko mkononi, akamsogelea mumewe mpaka karibu kabisa. Nadhani alisahau kwamba tulikuwepo.

"Kivuli ulikuwa unakiona?"

"Nilikuwa nakiona."

"Miaka yote hiyo."

"Yote."

"Sasa mbona hukuwahi kunifungulia mlango, wewe mwanaume?"

"Niliona ufungue mwenyewe," Redio alisema, "ukiwa tayari."

Mkunga alimtazama, akaanza kucheka, na safari hii kicheko hakikutafuta mahali pa kujificha. Alimfuta mumewe shavu kwa zile karatasi mbili, bila kuangalia ni nini alichoshika, kisha akamshika mkono, akaenda naye kwenye kiti chake cha mbele, akasogea, wakakaa wote wawili kwenye kiti kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Tulisubiri hotuba yake. Mganga mfawidhi alisubiri. Shemeji alitazama ratiba, akamtazama dada yake, akaitazama ratiba tena. Halafu akainua kipaza sauti na kutangaza, kwa sauti iliyokuwa imelowa kidogo, kwamba kinachofuata sasa ni soda.